Spika za Darasa la Sita

Aliyechelewa hukaa nyuma, na Kataliko alichelewa. Mkutano wa wazazi wa darasa la sita ulikuwa umeshaanza alipoingia, akajibana kwenye benchi la mwisho kabisa, kando ya ukuta, magoti yakigusa kifua. Benchi lile lilichongwa kwa watoto wa miaka kumi na mmoja, si kwa mwanamume aliyezoea kushiba lituma, ndizi za kutwanga, kila mchana.

Kataliko alikuwa fundi wa baffle. Baffle, kwa msomaji asiyetoka kwetu Kisangani, ni spika kubwa, zile za kuweka mbele ya kanisa au mbele ya matanga ili mtaa mzima ujue kuna jambo. Kibanda chake cha kazi kilikuwa mtaani Makiso. Yeye mwenyewe alikuwa Mkatoliki, mtu wa Butembo, na Jumapili alisali mahali padri anapoongea taratibu. Lakini mkate wake ulitoka kwa wachungaji wa makanisa ya uamsho, na hao hawaongei taratibu hata kidogo. Baffle ya mchungaji ikikohoa, aitwe Kataliko.

Basi alikaa pale nyuma akitazama mbele. Madame Micheline, mwalimu wa darasa, alikuwa anasoma karatasi. Kataliko aliona midomo ikicheza, akaona vichwa vya wazazi wa mbele vikitikisika, na hakusikia kitu. Mvua ilikuwa imekatika, hakuna aliyekuwa anapiga gumzo, na bado hakusikia kitu.

"Anasema nini?" akamuuliza mama aliyekaa naye.

"Sijuwe, papa. Nafikiri ni majina."

"Majina ya nini?"

Mama akamgonga mwanamke wa mbele, yule akamgonga mwingine, na habari ikarudi nyuma kutoka benchi hadi benchi: ni majina ya watoto kumi na mmoja ambao hawataandikishwa kwa mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Ni wazito, watarudia darasa. Na wa nne kwenye orodha ni Plamedie, binti wa Kataliko.

Hapo damu ilimpanda. Plamedie mzito? Mtoto aliyejifunza kuhesabu kwenye meza yake ya kazi, kwa kusoma rangi za vidude vya redio kabla hajafikisha miaka sita? Mtoto anayemkumbusha baba yake waya gani unaenda wapi? Kataliko alisimama, benchi likanyanyuka naye.

"Madame! Niko hapa nyuma dakika makumi mbili na sijasikia hata neno moja. Na mimi masikio yangu ni ya fundi! Mutoto yangu mumemuweka hapa muaka muzima, halafu munasema iko muzito? Hapana yeye iko muzito. Ni nyinyi mumemuharibu, Madame. Ni nyinyi!"

Wazazi wakaguna. Wengine waliguna kwa kumuunga mkono, wengine kwa haya, maana mwalimu hatukanwi mbele ya watu. Madame Micheline alifungua mdomo ajibu. Kilichotoka ni upepo wenye mikwaruzo. Alijaribu tena, akashika koo, akaketi.

Ukweli usemwe, mama yule hakuwa mvivu wala mkatili. Tangu shule ya msingi ifanywe bure, darasa lake lilikuwa na watoto mia moja na kumi na wawili, na bati juu, na ukuta wa kugawa madarasa ambao haufiki kwenye bati. Alifundisha kwa kupiga kelele kuanzia saa moja na nusu hadi saa sita na nusu. Jumatatu alikuwa na sauti, Jumatano alikuwa na nusu, Ijumaa alionyesha kwa mikono. Na watoto aliwapanga kama alivyopangwa yeye utotoni, na mwalimu wake kabla yake: wenye alama nzuri mbele, wenye alama mbaya nyuma. Ndiyo desturi. Hakuna aliyewahi kuuliza kama wa nyuma wana alama mbaya kwa sababu wako nyuma.

Mkuu wa shule, Papa Lambert, mtu mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akainua mkono.

"Bon. Papa Kataliko, kulalamika ni rahisi. Weye iko fundi wa sauti. Leta sauti. Orodha naipeleka kwa inspekta Ijumaa ya tatu kutoka leo. Siku mbili mbele ya kuipeleka, bale kumi na mumoja batafanya interro, jaribio moja. Moja, hapana mbili. Mwenye atapita, nitamuandika. Mwenye ataanguka, atarudia."

"Sawa," Kataliko akasema. Na moyoni alikuwa ameshashinda, maana kama kuna kitu alichokijua duniani ni kufanya watu wasikie.

Mdomo huponza kichwa. Jumatatu asubuhi alifika shuleni na baiskeli mbili za toleka, zile za kukodi, moja imebeba baffle iliyomzidi mwendeshaji kimo, nyingine imebeba ampli na betri ya gari, kwa kuwa umeme wa mtaa ule hauna neno la kuaminika. Akaweka baffle mbele, kando ya ubao, kama inavyowekwa kanisani kando ya mimbari. Akamkabidhi Madame Micheline mikro. Hawakusalimiana vizuri. Mwalimu bado alikuwa na donge la mkutano, na fundi hakuwa ameomba radhi, maana hakuona sababu.

"Semeni, Madame."

"Bonjour, watoto," akasema Madame Micheline.

Ampli ile ilikuwa imetoka kwa mchungaji, na Kataliko alikuwa amesahau kuzima mwangwi ambao wachungaji wanaupenda. Salamu ikaenda mpaka ukutani, ikarudi, ikagonga bati, ikarudi tena: toto-toto-toto. Watoto mia moja na kumi na wawili hawakufikiri mara mbili. Wakaruka juu na kuitika kwa pamoja, "AMEN!"

Cheka tu. Hata mimi nilicheka niliposimuliwa. Madame Micheline hakucheka.

Mwangwi ukazimwa, somo likaanza, hesabu za kichwa. "Saba mara nane?" Kabla darasa la sita halijavuta pumzi, darasa la tano likajibu kutoka ng'ambo ya ukuta, kwa furaha kubwa, "Hamsini na sita!" Swali la pili, vivyo hivyo. La tatu, mwalimu wa darasa la tano, Papa Landry, akatokea mlangoni na chaki mkononi.

"Madame, kama munabataka batoto yangu, chukueni bote. Mimi nitaenda kulala."

Na waliokaa nyuma? Kataliko alikwenda kuwauliza akiwa na uhakika. Merdi, msichana aliyekaa benchi moja na Plamedie, naye ni mmoja wa wale kumi na mmoja, akamjibu kwa adabu, "Papa, tunasikia sauti. Maneno ndiyo hatusikie."

"Munasikia sauti halafu hamusikie maneno? Namna gani?"

"Inalia sana, papa, lakini haiseme."

Papa Lambert akaja akasema kitu kile kiondolewe. Kataliko akaanza kukunja nyaya kwa hasira, akinung'unika kwamba watu hawa hawajui vyombo, kwamba baffle hii ilihubiria uwanja mzima wa watu. Ni Madame Micheline aliyemzuia. Watoto walikuwa wametoka kwa mapumziko. Akamwelekeza benchi la mwisho kwa kidole, kama mwanafunzi, akampa karatasi na kalamu.

"Kaa. Andika."

Akachukua mikro, akasoma hesabu kumi, za kawaida kabisa, akitembea mbele ya ubao. Kataliko aliandika. Halafu mwalimu akaja akasahihisha kwa kalamu nyekundu, bila haraka, akampa karatasi yake. Nne juu ya kumi.

"Weye iko fundi wa sauti," alisema kwa ile sauti yake ya mikwaruzo, "na mimi sikutaka kelele. Kelele niko nayo tayari. Mimi hapana pasta, Papa Kataliko, sina shetani wa kukimbiza. Nataka mutoto wa kule asikie 'kumi na tatu', asifikiri ni 'kumi na'... na nini, sijuwe. Basi."

Debe tupu haliachi kuvuma. Kataliko alirudi Makiso ameinama, toleka mbele na toleka nyuma, na karatasi ya nne juu ya kumi mfukoni. Iliuma. Lakini ilimfanya afikirie kazi yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Kanisani hakuna anayefanya mtihani. Mtu akikosa neno moja la mahubiri, lijalo litamfikia, na kama halikumfikia, ataitika Amen na wenzake na mchungaji ataridhika. Darasani neno moja likipotea, hesabu nzima imekufa.

Akatafuta spika ndogo nne zilizotolewa kwenye milango ya magari mabovu. Akazitengenezea visanduku vya mbao. Akazitundika kwenye kuta mbili ndefu za darasa, mbili katikati, mbili nyuma, mbele hakuweka hata moja, kwa sababu watoto wa mbele wana masikio na mwalimu yuko puani kwao. Akapunguza ile sauti nene inayotetemesha kifua. Sauti nene hujaza chumba, lakini neno hukaa kwenye sauti nyembamba, na hilo alilijua siku zote, ila hakuna mchungaji aliyewahi kulilipia. Mikro akaweka ndogo ya kubana kwenye kola, ili mwalimu abaki na mikono yake miwili.

Alhamisi Madame Micheline akajaribu. Akasema maneno mawili, akanyamaza.

"Hailie," akasema.

"Ndiyo, Madame. Semeni tu sawa vile munasemea mutu wa meza moja."

Akasema kama anavyosema mezani. Wa mbele hawakuona tofauti yoyote. Ila kule nyuma vichwa arobaini viliinuka kwa pamoja kutoka kwenye madaftari, na mtoto mmoja akageuka kutazama nyuma yake, akidhani Madame amesimama pale.

Siku zilizofuata mambo yalibadilika, na yalibadilika kwa vitu vidogo. Madame Micheline aliacha kutafuna tangawizi. Aliacha kupiga meza kwa rula. Aliweza kwenda hadi benchi la mwisho kutazama daftari huku akiendelea kufundisha, na wa mbele wakaendelea kuandika. Watoto walidhani amekuwa mpole ghafla. Hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa hapigi kelele tu, na kumbe mtoto hawezi kujua kama mtu anayepiga kelele amekasirika au anataka tu kusikika. Ijumaa ilifika akiwa na sauti yake. Alirudi nyumbani akaimba jikoni, mume wake akauliza kuna nini.

Na jambo moja lilimuuma, akalisema wazi kwa Kataliko siku alipokuja kubadilisha betri. Miaka yote ile alikuwa akiuliza swali, darasa linajibu kwa pamoja, kwa nguvu, na yeye anaandika somo limeeleweka. Sasa aliposikiliza vizuri, alitambua kuwa waliokuwa wakijibu ni benchi nane za mbele. Wa nyuma walikuwa wanafuata mkia wa jibu, kama waumini wasiojua wimbo.

"Miaka kumi na kenda, Papa Kataliko. Nilikuwa nafundisha benchi nane. Kwa ile mulisema kwenye mkutano, mulikuwa na haki."

Kataliko alipaswa kusema hapana, au kusema tusameheane. Alisema, "Si ndiyo hiyo?" na akaendelea kufunga betri. Nilishawaambia, mtu huyu alikuwa ameshashinda moyoni.

Jumatano ya interro ikafika. Wale kumi na mmoja walifanya wakiwa kila mmoja mahali pake, pamoja na darasa zima, hesabu ishirini za kusikiliza na kuandika, Madame Micheline akisoma kila moja mara mbili. Alhamisi asubuhi Papa Lambert akabandika majibu mlangoni. Kupita ni kumi juu ya ishirini.

Tisa walipita. Merdi alipata kumi na tano, akalia kwa furaha mpaka akatoka kamasi. Wawili walianguka. Mmoja alikuwa mtoto aliyekuwa na malaria wiki nzima. Wa pili alikuwa Plamedie, sita juu ya ishirini.

Kataliko alisoma karatasi ile mlangoni mara tatu. Merdi na Plamedie, benchi moja, spika moja, mwalimu mmoja. Kumi na tano na sita.

Hakwenda kwa mkuu wa shule. Alimsubiri binti yake mpaka wengine walipotoka saa sita na nusu, wakabaki wawili darasani. Kwanza alikagua spika ya pale nyuma, ile iliyotundikwa ukutani kushoto kwa Plamedie. Ilikuwa inasema safi kabisa. Halafu akamkalisha mahali pake, akavaa mikro, akaenda ubaoni.

"Andika. Kumi na saba kuongeza ishirini na tano."

Plamedie alimtazama mdomoni. Aliandika. Kataliko akageuza uso kwa ubao, akasoma hesabu nyingine kwa sauti ileile. Mtoto akainua kichwa na kukizungusha, kama kuku anayetazama punje, ili sikio la kulia lielekee spika. Alipoinama kuandika, sikio lile lilielekea benchi tena, na la kushoto ndilo lililobaki chini ya spika. Hapo hakuandika kitu.

Baba akaja taratibu. Akaweka kiganja kwenye sikio la kulia la mwanawe.

"Plamedie," akasema kwa sauti ya chini. "Plamedie. Mama iko anakuita."

Mtoto alikuwa anatazama daftari. Baba akapitisha vidole karibu na sikio la kushoto, akavialisha, tap, tap. Hakugeuka.

Jamani, kuna mambo ambayo mtu huyajua yote kwa mara moja, bila kufundishwa. Kataliko alikuwa na rafiki wawili mafundi ambao walijibu "eh?" kwa kila salamu, na wote walicheka kwamba ni ugonjwa wa kazi. Na kibandani kwake Plamedie alikuja kila siku baada ya masomo, tangu ana miaka minne, akakaa kwenye kigoda kati ya meza na ukuta. Kigoda kile kilikuwa mahali pekee pasipo na nyaya. Kulia kwake palikuwa baba. Kushoto kwake, hatua moja, zilipangwa baffle zilizotengenezwa, na baffle iliyotengenezwa hujaribiwa hadi mwisho wa nguvu zake, kwa sababu mchungaji hatoi shukrani kwa baffle iliyojaribiwa nusu. Miaka saba.

Aliketi kwenye benchi la mwanawe. Aliogopa, na aliona haya, na juu ya vyote alitamani kosa hili liwe la mtu mwingine yeyote, hata la Madame Micheline, hasa la Madame Micheline. Mganga hajigangi, wanasema watu. Huyu hata hakujua kuna mgonjwa.

"Enda nyumbani," akamwambia mtoto. "Niko nakuja."

Alipobaki peke yake alitazama spika. Na hapo akafanya jambo ambalo sipendi kulisimulia. Alipanda juu ya benchi, akashika waya wa spika ile ya kushoto nyuma, akauvuta ukatoka. Hesabu yake ilikuwa rahisi: chombo kilikufa siku ya interro, mtoto hakusikia, chombo si mtoto, interro irudiwe. Angemwomba Madame amhamishie mtoto upande mwingine na hakuna mtu angejua kitu.

Ijumaa asubuhi alifika ofisini kwa Papa Lambert na Plamedie amemshika mkono. Orodha ilikuwa mezani, kofia ya mkuu wa shule juu yake, tayari kwa safari ya kwa inspekta. Kabla Kataliko hajafungua mdomo, Madame Micheline aliingia nyuma yao.

"Directeur, kabla hamujaenda. Nimekuta waya wa spika ya nyuma umetoka. Labda siku ya interro ulikuwa umetoka tayari. Merdi alipata kwa kubahatisha, Mungu anajua, lakini Plamedie hakusikia. Kosa ni yangu. Kila asubuhi ni mimi wa kukagua, na sikukagua. Mupatie mutoto interro ingine, na mimi, muniandikie barua ya onyo."

Papa Lambert alivua miwani. Barua ya onyo kwa mwalimu wa miaka kumi na kenda si jambo la mchezo. Inakaa kwenye faili mpaka pensheni. Aliwaza. Alisema, "Kama ni chombo, sawa. Chombo si mutoto." Maneno yaleyale ambayo Kataliko alikuwa ameyapanga.

Kilichotakiwa kwa Kataliko ni kunyamaza tu. Alikuwa ameshapata kila alichokuja kukitafuta. Plamedie angefanya mtihani, angeandikwa, mwakani angekuwa sekondari. Alimtazama Madame Micheline, mwanamke ambaye yeye alimwaibisha mbele ya wazazi wote, amesimama anaomba aandikiwe kosa ambalo si lake, na kwa sauti nzuri, sauti ambayo yeye Kataliko ndiye aliyemrudishia. Alijaribu kunyamaza. Alishindwa.

"Madame, waya ni mimi niliutoa. Jana saa saba. Siku ya interro ulikuwa muzuri."

Madame Micheline akageuka kumtazama.

"Mutoto yangu hasikie na sikio la kushoto," akaendelea, na sasa maneno yalitoka yenyewe. "Nilimupima jana. Imekufa. Na ni mimi niliiua, na baffle yangu, miaka saba, kule kwenye atelier, kibanda yangu ya kazi. Niliwasemea mubaya mbele ya watu, Madame, kumbe mwenye kumuharibu mutoto ni mimi. Muandike onyo kwa jina yangu. Mumusamehe tu mutoto, yeye hakufanya kitu."

Papa Lambert alikasirika. Alikasirika hasa kwa waya, akasema mengi kuhusu watu wazima wanaoingia darasani kuharibu, na kwamba sheria ni sheria, interro moja, hapana mbili. Kataliko aliinamisha kichwa akayapokea yote. Plamedie alikuwa amesimama kati yao, akigeuza kichwa kutoka mdomo hadi mdomo.

Madame Micheline alingoja mkuu wa shule amalize pumzi. Halafu akasema, "Directeur, mulisema interro moja. Interro yenye mutoto hakusikia, ameifanya?"

Papa Lambert alitazama saa, akatazama orodha, akavaa miwani. "Dakika makumi tatu," akasema. "Halafu niko naenda."

Walimkalisha Plamedie benchi la mbele, upande wa kushoto wa darasa, sikio lake zima likielekea mwalimu. Kataliko hakuruhusiwa kuingia. Alisimama uani na kusikia, kupitia dirishani, sauti ya Madame Micheline ikisoma hesabu mpya, taratibu, kila moja mara mbili. Alihesabu naye kichwani. Alikosa mbili.

Plamedie alikosa tatu. Kumi na saba juu ya ishirini. Papa Lambert aliandika jina lake kwa mkono, chini kabisa ya orodha, akavaa kofia, akapanda pikipiki akaenda. Barua ya onyo hakumwandikia mtu.

Madame Micheline akampa Kataliko mkono. "Mupeleke kwa muganga wa masikio," akasema. "Na sekondari, musiende kupiga kelele. Mueleze tu mwalimu akae wapi." Kataliko akaitikia ndiyo, Madame, ndiyo, Madame, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Walirudi kwa miguu, baba na binti. Toleka zilipita zikiwapigia kengele, hawakupanda. Mama mmoja alikuwa anachoma makemba, zile ndizi kubwa, kando ya barabara, Kataliko akanunua mawili, wakala wakitembea. Mwishowe alipata nguvu, akasimama mbele ya mtoto, akamwinamia.

"Ile sikio, Plamedie. Ulijua?"

"Nilijua, papa. Tangu muaka wa tatu wa shule."

"Eh! Na juu ya nini hukusema?"

Plamedie alipuliza ndizi yake iliyokuwa bado ya moto. "Ungenikataza kuja ku atelier," akasema. "Na nyumbani hauseme na mimi. Ni kule tu."

Akaendelea kutembea, anakula. Kataliko alibaki amesimama kidogo, machozi yanamtoka mchana kweupe, hakuyafuta. Halafu akamkimbilia, akamfikia, akasema pole. Plamedie hakugeuka. Alikuwa amemfikia upande wa kushoto. Ikabidi azunguke, aje kulia kwake, aseme tena.